Maswali ya Jikoni: Chokoleti ya Korosho na Karanga Nyumbani

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: namna ya kutengeneza nyumbani peremende za chokoleti zenye korosho au karanga, zikaganda vizuri, zikang'aa na zikadumu katika nchi yetu ya joto. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu atakayeielewa siagi ya kakao atakuwa ameyapunguza matatizo mengi yaliyomo katika barua nyingine.

Chokoleti inalainika na kuota madoa meupe

*Shikamoo mama. Nayeyusha chokoleti nyeusi kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, naongeza vijiko viwili vya mafuta ya nazi ili iwe nyepesi, nachanganya na korosho zilizokaangwa, kisha naiweka katika friji usiku kucha. Ikitoka ni ngumu, lakini haichukui hata nusu saa kabla haijaanza kushika vidole, na kesho yake inaota madoa meupe kama ukungu. Watu wa nyumbani wanaogopa kuila. Tatizo liko wapi? — Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza waondolee hofu watu wa nyumbani, kwani weupe huo si kuvu na haumdhuru mtu. Huwa ni mojawapo ya mambo mawili: ama ni mafuta ya chokoleti yenyewe yaliyopanda juu, ama ni sukari iliyoyeyushwa na unyevu kisha ikakauka tena juu ya kipande. Ukitaka kuyatofautisha, pitisha kidole taratibu. Ukihisi utelezi na doa likapotea kwa joto la kidole, hayo ni mafuta, na ukihisi mkwaruzo, hiyo ni sukari. Kwa namna ulivyoeleza, nadhani unayo yote mawili.

Kinachoishikilia chokoleti ya kweli ni siagi ya kakao, na mafuta haya yana tabia isiyopatikana katika samli wala katika siagi ya maziwa. Yanaweza kuganda katika maumbo sita ya fuwele, na kila umbo lina joto lake la kuyeyukia. Maumbo manne ya kwanza ni dhaifu na huyeyuka kati ya takriban nyuzi 17 na 27 za Selsiasi, joto ambalo chumba cha Tanga hulizidi karibu kila mchana. Umbo la tano ndilo tunalolitafuta, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo maana chokoleti nzuri hubaki ngumu mkononi kwa muda lakini huyeyuka upesi ulimini. Unapoiyeyusha chokoleti yote kwa moto mkali, unayafuta maumbo yote pamoja; unapoitumbukiza katika friji papo hapo, mafuta yanaganda kwa haraka katika maumbo dhaifu. Yakitolewa kwenye joto hulainika upesi, na baadaye yanapojipanga upya kuelekea umbo imara husukuma sehemu ya mafuta juu, nayo hiyo ndiyo unayoiona kama madoa.

Dawa yake ni kuyapa mafuta hayo mbegu za kuigiza. Chukua gramu 300 za chokoleti nyeusi, uikate vipande vidogo kwa kisu kikavu, na uitenge gramu 100 pembeni. Weka maji kidogo katika sufuria, yakikaribia kuchemka punguza moto hadi chini kabisa, kisha weka juu yake bakuli kavu lenye gramu 200 zilizobaki, huku kitako cha bakuli kikiwa hakigusi maji. Koroga hadi iyeyuke yote na kufikia nyuzi 45 hadi 50, halafu ondoa bakuli na kufuta chini yake kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa tone moja la mvuke linaweza kuharibu kazi nzima. Sasa anza kutia zile gramu 100 kidogo kidogo, ukikoroga bila kuacha, hadi joto lishuke na kufikia nyuzi 31 au 32. Vipande hivyo vilivyokwisha kuganda katika umbo la tano ndivyo mbegu. Mafuta yaliyoyeyuka hujipanga kwa kuvifuata. Kwa chokoleti ya maziwa usivuke nyuzi 45 wakati wa kuyeyusha, na joto la mwisho liwe nyuzi 29 hadi 30. Angalizo ni kwamba mbegu lazima itoke katika chokoleti inayong'aa na kukatika kwa mlio. Vile vipande vyako vyenye madoa vinaweza kurudishwa katika zile gramu 200 za kuyeyushwa, lakini havifai kuwa mbegu.

Kipimajoto cha jikoni ni kifaa ninachomhimiza kila mmoja wenu akinunue kabla ya kununua kalibu za maumbo ya maua na mioyo. Asiyekuwa nacho aguse chini ya mdomo kwa tone dogo la chokoleti: ikiwa vuguvugu, bado ni ya moto mno; ikiwa na ubaridi kidogo, imekaribia. Kisha achovye ncha ya kisu na kuiacha. Mahali penye ubaridi wa nyuzi 20 au 22, chokoleti iliyo tayari hukauka na kung'aa katika muda wa dakika tano hivi.

Hapo ndipo sisi watu wa Pwani tunapopata shida, kwa sababu nyuzi 20 hatuna. Fanya kazi hii alfajiri au usiku, na ikiwezekana wakati wa kipupwe badala ya kiangazi cha Januari na Februari. Mwenye kiyoyozi akitumie. Ukikosa hayo yote, friji itakusaidia, ila itumie baada ya mbegu kushika na si kabla. Chokoleti ikiwa imekwisha kufikia nyuzi 31 ikiwa na mbegu ndani yake, changanya korosho, mimina kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, na uiweke katika friji kwa dakika 10 hadi 15 tu, ili friji iondoe joto huku mpangilio wa mafuta ukiwa umekwisha kuanza. Kulaza usiku kucha bila kifuniko ndiko kunakoleta madoa ya sukari: kipande cha baridi kikitolewa katika hewa ya bahari huota matone ya maji, maji huyeyusha sukari, na yakikauka huiacha juu. Ukilazimika kuhifadhi katika friji, tumia chombo kinachofunga barabara, na ukikitoa usikifungue mpaka chombo chenyewe kiwe kimepoteza ubaridi.

Kuhusu mafuta ya nazi, yaache kabisa. Mafuta hayo huyeyuka karibu na nyuzi 24, na wewe unayaona yakiwa maji karibu mwaka mzima. Kila kijiko unachotia kinaishusha chokoleti yako kuelekea huko. Mafuta ya korosho na karanga hufanya vivyo hivyo zikisagwa laini. Watu wa Turin nchini Italia wamejenga sifa yao tangu karne ya 19 kwa chokoleti iliyosagwa pamoja na njugu za kwao ikawa laini kama siagi, nayo ni tamu sana, ila Turin iko karibu na milima ya Alpi. Wasomaji wa Iringa, Njombe na Limuru wanaweza kusaga korosho zao wakaiga mtindo huo bila wasiwasi mkubwa. Wewe wa Tanga tumia korosho nzima au zilizokatwa vipande vikubwa.

Jambo la mwisho kabla sijaiacha barua yako: soma maelezo ya pakiti. Baadhi ya chokoleti za kupikia zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya keki hazina siagi ya kakao, bali zina unga wa kakao na mafuta ya mbegu za mawese yaliyogandishwa. Hizo hazihitaji mbegu wala hesabu ya nyuzi. Ziyeyushe tu kwa moto wa chini na kumimina. Zinavumilia joto vizuri zaidi, ingawa ladha yake haiyeyuki kinywani kwa namna ile ile. Kosa ni kuchanganya aina hizi mbili katika bakuli moja, maana mafuta yake hayapatani, na mchanganyiko hubaki laini na kuota weupe mapema. Na hata ukifuata yote niliyoyasema, chumba kikifika nyuzi 33 hakuna chokoleti ya kweli itakayobaki ngumu; huo ni mpaka wa kakao yenyewe, si upungufu wa mikono yako.

Chokoleti imegeuka tope zito

*Habari za kazi mama. Nilipokuwa nikiyeyusha chokoleti niliongeza kijiko kimoja cha maji ya moto kwa sababu ilionekana nzito. Ghafla ikawa tope kavu lenye punje, haikorogeki. Je, niitupe? — Msomaji, Morogoro*

Usiitupe. Ndani ya chokoleti mna punje nyingi sana za sukari na kakao zinazoogelea katika mafuta, na maji kidogo yakiingia hukimbilia kwenye sukari, yakailowesha na kuzifanya punje zishikamane. La kushangaza ni kwamba maji kidogo huharibu, lakini maji ya kutosha hutengeneza. Ongeza maziwa ya moto au krimu kijiko baada ya kijiko, ukikoroga kwa nguvu, na itafika mahali italainika tena na kung'aa. Haitaganda tena kuwa kipande cha kukatika, hivyo itumie kwa kumiminia keki, au iache ipoe katika friji, uiviringe vidonge, na uvigaragaze katika karanga zilizopondwa, kisha vihifadhiwe katika friji na kuliwa ndani ya siku chache kwa sababu vina maziwa.

Kwa siku zijazo, kumbuka kwamba maji hujificha pengi: katika mwiko wa mbao uliooshwa asubuhi, katika asali, katika vanila ya maji, na katika nazi mbichi iliyokunwa. Anayetaka nazi katika chokoleti aikaushe kwanza kwenye oveni au kwenye kikaango hadi iwe na ukavu unaosikika mkononi, na anayetaka iliki au mdalasini atie unga mkavu.

Karanga za sokoni na namna ya kuzikaanga

*Shikamoo. Huku kwetu karanga ni nyingi na bei yake ni nafuu kuliko korosho, nami ningependa kuzitumia. Nimesikia habari za sumukuvu na nimeingiwa na wasiwasi. Je, kukaanga kunaiondoa? Na je, nizikaange kwa mafuta au bila mafuta? — Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Wasiwasi wako una msingi, na ningependa kila anayepika karanga kwa ajili ya watu wengine awe nao. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota katika karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya au kuhifadhiwa mahali penye unyevu, na huumiza ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki kwa sababu hiyo hiyo. Kukaanga hupunguza sehemu ya sumu, lakini hakuiondoi, kwa kuwa sumu yenyewe huvumilia joto la jikoni hata kuvu aliyeitengeneza akiwa amekwisha kufa.

Kinga kubwa iliyo mikononi mwetu ni macho na vidole. Nunua karanga nzima zisizokaangwa, ikiwezekana zikiwa bado ndani ya maganda yake makavu, na usinunue zilizokwisha kusagwa au kupondwa, kwa sababu katika zilizopondwa huwezi kuona kilichopondwa. Zimwage kwenye sinia mahali penye mwanga na kuchambua moja moja: ondoa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu na yenye harufu ya uvundo. Baada ya kukaanga na kumenya, chambua mara ya pili, kwani iliyokuwa imejificha ndani ya ngozi nyekundu sasa itaonekana kwa rangi yake ya kahawia iliyokolea au ya kijivu. Zile ulizozitoa zitupwe kabisa. Usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa na kurudi mezani kwako.

Kaanga bila mafuta. Mafuta ya kupikia yakibaki juu ya karanga huchanganyika na siagi ya kakao na kuilainisha, jambo nililokwisha kulieleza katika jibu la kwanza. Katika oveni, nyuzi 160 kwa dakika 15 hadi 20 zinatosha, ukizigeuza kila baada ya muda mfupi. Kwenye kikaango kizito tumia moto wa chini na usiache kukoroga. Wale wanaokaanga kwa mchanga wa moto au kwa chumvi, kama wafanyavyo wauzaji wengi wa karanga, wanapata uivaji ulio sawa pande zote, lakini kwa chokoleti ni lazima zichekechwe na kufutwa vizuri, kwani punje moja ya mchanga hutosha kumharibia mtu hamu. Zitoe zikiwa zimebakiza kidogo kuiva, kwa sababu joto la ndani huendelea kuzipika kwa dakika kadhaa. Zikipoa, zisugue kwa viganja na kuzipeta kwenye ungo hadi ngozi ziondoke zote. Ngozi hizo zina uchungu ambao hauonekani katika karanga za kutafuna lakini hujitokeza wazi ndani ya chokoleti.

Korosho zinahitaji moto mpole zaidi, nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 12, hadi ziwe na rangi ya dhahabu hafifu. Hapa nitoe tahadhari kwa walio karibu na mashamba ya Mtwara, Lindi, Kilifi na Kwale: msijaribu kubangua korosho ghafi nyumbani kwa ajili ya kazi hii ndogo. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake huumiza macho na mapafu. Nunueni zilizobanguliwa. Vipande vilivyovunjika huuzwa kwa bei ya chini kuliko korosho nzima na ladha yake ni ile ile, hivyo kwa chokoleti ya kumimina kwenye trei sioni sababu ya kulipia korosho nzima. Wasomaji wa Murang'a, Embu na Meru wana makadamia, na hao nawaonea fahari, kwa sababu utamu wake wa siagi unapatana na chokoleti nyeusi kuliko kitu kingine ninachokijua.

Kipimo kinachofaa ni gramu 200 za karanga au korosho kwa gramu 300 za chokoleti. Karanga ziwe zimepoa na kufikia joto la chumba kabla ya kuchanganywa. Zikiwa za moto zitaua mbegu ulizozihangaikia, na zikitoka friji zitaigandisha chokoleti kabla hujaisawazisha. Chumvi kidogo iliyosagwa laini, robo kijiko cha chai kwa kipimo hicho, huamsha ladha ya vyote viwili.

Shira ya njugu inaungua kabla ya wakati

*Hujambo mama. Mimi hupika kashata ya njugu kisha naichovya katika chokoleti. Maelekezo niliyo nayo yanasema shira ifike nyuzi 150, lakini hapa Nairobi kashata yangu huwa ngumu kupita kiasi na ina uchungu. Wakati mwingine sukari inageuka mchanga. Nifanyeje? — Msomaji, Nairobi*

Sijambo, ahsante. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Shira nayo hufuata mkondo huo: kwa kila kiwango cha joto, shira ya Nairobi imekwisha kupoteza maji mengi kuliko ya Mombasa. Chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto chako, na uone yanachemka kwa nyuzi ngapi. Kiasi kinachopungua hadi 100 ndicho cha kupunguza katika maelekezo. Ikiwa ni 94, basi 150 yako ni 144. Njia hii ina faida nyingine, kwani hukuonyesha pia kama kipimajoto chenyewe kinasema kweli. Wasomaji wa Mbeya mjini na Njombe wafanye hivyo hivyo.

Uchungu, hata hivyo, hautokani na mwinuko bali na sukari iliyovuka rangi ya kaharabu. Tumia sufuria nzito na moto wa wastani, na macho yako yafuate rangi kuliko saa. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la shira katika glasi ya maji baridi: likiganda papo hapo na kuvunjika kwa mlio, shira iko tayari, likinyumbuka, bado.

Sukari kugeuka mchanga ni kwa sababu punje chache zimebaki kando ya sufuria au umekoroga wakati shira inachemka. Kwa gramu 400 za sukari tia maji mililita 120 na kijiko cha chai cha maji ya limau, koroga hadi sukari iyeyuke yote kabla ya kuchemka, kisha usikoroge tena. Futa kando za sufuria kwa brashi iliyoloweshwa maji. Ikifika kiwango chake, tia gramu 30 za siagi na gramu 300 za njugu zilizokwisha kukaangwa, koroga upesi, na mwisho nyunyiza nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Shira itafura na kujaa vitundu vidogo vya hewa, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya kashata ivunjike kirahisi chini ya jino badala ya kulipiga jino kama jiwe. Mimina kwenye trei iliyopakwa siagi na uitandaze kabla haijashika. Shira ya joto hilo hung'ang'ania ngozi na kuunguza hadi ndani, kwa hiyo watoto wasiwepo karibu na jiko.

Ichovye katika chokoleti siku hiyo hiyo, ikiwa imepoa kabisa. Kashata iliyo wazi hunyonya unyevu wa hewa na kuwa ya kunata, hasa msimu wa mvua. Ikivikwa chokoleti pande zote inakingwa, mradi usiache pengo.

Kutoka punje za kakao hadi chokoleti

*Ndugu yetu, sisi tunalima kakao lakini chokoleti tunainunua dukani. Je, inawezekana kuitengeneza nyumbani bila kiwanda? — Msomaji, Kyela*

Inawezekana, nami nafurahi kupata swali hili kutoka wilaya inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Kazi ya kwanza mnaijua kuliko mimi: punje zilizovundikwa siku tano hadi saba na kukaushwa juani vizuri. Naisisitiza tu kwa wasomaji wengine kwamba punje isiyovundikwa haina ladha ya chokoleti hata ikikaangwa vipi, kwa hiyo wanaponunua waulize.

Kaanga punje kavu kwa nyuzi 120 hadi 140 kwa dakika 20 hadi 30, mpaka maganda yapasuke na nyumba ijae harufu. Zivunje kwa kinu taratibu, kisha zipete kwenye ungo upepo uchukue maganda. Uzito utapungua kwa robo hivi, na hiyo ni kawaida. Kilichobaki kisage kwa mashine ya mawe ya mezani, kavu kabisa, kwa saa nyingi. Zaidi ya nusu ya uzito wa punje iliyomenywa ni mafuta, hivyo joto la kusagwa litaugeuza unga kuwa uji mzito unaomiminika bila tone la maji kuongezwa. Kwa gramu 700 za uji huo tia gramu 300 za sukari iliyosagwa na uendelee kusaga.

Ulaini wa chokoleti ya dukani msiutarajie. Ulianza mwaka 1879, Rodolphe Lindt wa Uswisi alipobuni mashine ya kuikoroga chokoleti kwa muda mrefu sana, na viwanda husaga punje hadi ulimi usiweze kuzihisi. Lakini katika mji wa Modica, kisiwani Sicily, watu hutengeneza kwa makusudi chokoleti yenye punje za sukari zinazosikika mdomoni, na ina heshima kubwa Ulaya. Chokoleti ya kinu na jiwe ya Kyela, ikitiwa karanga zilizopondwa na iliki kidogo, inaweza kusimama kwa sifa yake yenyewe. Mwishoni ipitishe katika hatua ya mbegu niliyoieleza kwa msomaji wa Tanga, ukitumia kipande cha chokoleti nyeusi ya dukani kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kipande cha ile yako.

Watoto na karanga nzima

*Mwanangu ana miaka mitatu na anazipenda sana peremende hizi. Kuna ubaya? — Msomaji, Mombasa*

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala korosho nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba. Kama amekwisha kula karanga bila tatizo, mtengenezee chokoleti yenye karanga zilizosagwa laini, na umpe kidogo mchana badala ya usiku. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri.

Kuhifadhi na kuuza

*Mama, majirani wamezipenda na wananiagiza kwa ajili ya harusi. Zinadumu muda gani, na ninahitaji nini ili niuze kihalali? — Msomaji, Dar es Salaam*

Hongera. Chokoleti nyeusi peke yake hudumu muda mrefu, lakini karanga na korosho ndizo zinazoweka kikomo, kwa kuwa mafuta yake huchacha. Kwa bidhaa ya nyumbani mimi ningeandika miezi miwili na si zaidi, nikiihifadhi mahali pakavu, penye giza na ubaridi wa nyuzi 16 hadi 20, mbali na vitunguu, samaki na sabuni, kwani chokoleti huvuta harufu. Funga kila kipande kwa karatasi ya kung'aa kisha uweke katika boksi. Juu ya boksi orodhesha viungo vyote na uandike kwa herufi zinazosomeka kwamba ndani mna karanga, korosho na maziwa ikiwa yamo, kwa ajili ya wale ambao miili yao haivipokei.

Kwa upande wa sheria, mjasiriamali mdogo wa Tanzania huanzia SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ambako hupata mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Nenda kabla biashara haijawa kubwa, kwa sababu watakaokuja kukagua wataangalia mahali unapopikia, na ni rahisi kupanga jiko dogo kuliko kulibomoa kubwa.

Kuhusu harusi, uliza kwanza sherehe ni saa ngapi na ukumbi ni wa namna gani. Ukumbi wenye kiyoyozi au sherehe ya usiku, peleka chokoleti katika boksi lenye barafu iliyofungwa, na uipange mezani wageni wakiwa wanakaribia kuingia. Sherehe ya mchana chini ya maturubai, mshawishi mteja achukue kashata ya karanga isiyovikwa chokoleti, iliyofungwa moja moja, na umweleze sababu.